Saa Iliyokuwa Nzima Mezani Kwangu

Mara ya tatu saa ile ilipoletwa kwangu, sikutaka hata kuigusa. Mwadhini wa msikiti ilikotoka aliilaza juu ya meza yangu ikiwa imeviringishwa kwenye kanga ya mkewe, akavuta stuli, akaketi na kujifuta vumbi la safari usoni.

"Mwangaluka, mayu," alisema, akiniamkia na kuniita mama kwa lugha ya kwao. "Imerudi tena."

Hakusema ina tatizo gani. Tatizo lilikuwa lilelile: ilikuwa inachelewa.

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio mjini Shinyanga, karibu na soko. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimesoma ufundi chuoni, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha pamba, kiwanda kikapunguza watu, nami nikarudi nyumbani na mita yangu na chuma cha kulehemu. Watu waliniita Mama Fundi. Wengine waliniita hivyo kwa heshima, wengine wakicheka, na wapo waliosimama mlangoni kutazama tu kama kweli ni mimi ninayefungua redio au kuna mwanamume amejificha chini ya meza. Hayo nilishayazoea. Nilichokuwa sijazoea ni kushindwa na kitu ndani ya saa, kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Saa yenyewe ilikuwa ubao mpana mweusi wenye tarakimu za taa nyekundu. Juu ilionyesha saa, chini nyakati za sala tano, na kila wakati wa sala ulipofika ilitoa mlio. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye mji mdogo wa wachimba dhahabu upande wa Geita, aliinunua Dubai akaitoa sadaka msikitini. Ilikuwa fahari ya mji ule. Wachimbaji waliotoka mashimoni na matope hadi kiunoni walipita kuichungulia dirishani. Kabla yake, mwadhini alikuwa akitazama mbingu na kusikiliza redio. Baada ya saa kuja, mzee alisema hakuna tena kutazama mbingu.

Mara ya kwanza ilipoletwa kwangu niliipokea kwa furaha. Niliifungua, nikaisafisha, nikaweka betri mpya, nikaiacha ikitembea sambamba na redio. Kila redio ilipotangaza saa, nayo ilikuwa palepale. Niliichomoa kwenye umeme usiku mzima ibaki na betri yake peke yake, na asubuhi ilikuwa sawa. Nikairudisha kwa basi na salamu. Haikupita muda, ikarudi.

Ndani ya saa ya namna ile hakuna springi wala magurudumu yenye meno. Kuna chipu yenye miguu michache, na pembeni yake kuna kikopo cha bati chembamba kama punje ya mpunga. Ndani ya kikopo kile kuna kipande cha jiwe, ndugu wa yale mawe meupe ambayo wachimbaji huyaponda kutafuta dhahabu. Umeme ukikigusa kinatetemeka, nayo chipu inahesabu ile mitetemo na kuifanya sekunde, dakika, siku. Basi mara ya pili nilidhani jiwe ndilo bovu. Nililing'oa, nikaweka lingine nililotoa kwenye saa ya ukutani, nikatupa betri iliyokuwemo bila kuitazama, nikaweka nyingine mpya, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuudhika, nikaikaza skrubu ndogo ya kurekebishia mwendo mpaka saa ikawa inawahi kidogo, sekunde chache tu kwa siku. Nilijisemea, hata ikichelewa huko, itachelewa na kufika pale inapotakiwa.

Sasa ilikuwa mezani tena. Niliichomeka. Kulikuwa na umeme siku hiyo. Taa nyekundu zikawaka, saa ikaanza kutembea vizuri kabisa, kama mtoto anayepona homa akishafikishwa hospitali.

"Unaiona?" nilimwambia mwadhini. "Hapa ni nzima."

"Naiona. Kule si nzima."

"Inachelewa kiasi gani?"

Alikuwa mzee mwembamba, Msumbwa, mwenye sauti ndogo sana akizungumza, ungeshangaa kwamba ndiye aliyeitwa kuadhini. Ramadhani ilikuwa imeingia. Akaniambia kwamba juzi watu walikula daku wakisubiri mlio wa saa, na yeye naye alikuwa ameketi ndani akiusubiri. Mlio ulipotoka akaadhini. Kisha akafungua mlango wa msikiti, akakuta mashariki kote kumeshakuwa kweupe.

"Kweupe, mayu. Ningeweza kuona kuku wakitembea."

Watu waligombana asubuhi ile. Wengine walisema siku ile imeharibika na lazima ilipwe baadaye, wengine walisema kosa si lao. Bibi mmoja mgonjwa wa miguu, ambaye alijikaza kufunga ingawa alishaambiwa apumzike, alikuja msikitini kuuliza kama funga yake imepokelewa, akalia mbele ya watu.

"Mimi ndiye ninayewaita," mwadhini alisema. "Wakila mchana, wamekula kwa sauti yangu."

"Kwa nini hamuirekebishi kila siku kwa redio?"

"Mzee amekataza mtu kugusa vitufe. Anasema saa inayohitaji kuambiwa ni saa ngapi ina kazi gani?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitazama ile chipu, na kusema kweli niliichukia, kama mtu anavyomchukia mtu. Nilikuwa nimeshafanya kila kitu nilichofundishwa. Nikamwambia mwadhini kwamba siigusi tena hapa. Nitaifuata kule kule inakougulia.

Tulipanda basi la Kahama kesho yake, saa ikiwa mapajani mwangu, na kutoka Kahama tukapata pikapu iliyobeba mabati. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa uji mtupu. Tulifika jioni. Mji ule haukuwa na umeme wa serikali. Ulikuwa na mashine za kusagia mawe, vibanda vya turubai, baa, ukumbi wa video na jenereta moja kubwa ya yule mzee wa duka. Jenereta hiyo iliwashwa jioni, ikazimwa watu wakishalala, na kwa ajili ya Ramadhani ikawashwa tena wakati wa daku. Waya mmoja ulikwenda msikitini.

Mzee alitupokea barazani kwake. Alikuwa mnene, mwenye miwani mizito na saa nzuri mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Fundi. Sasa umekuja mwenyewe. Vizuri. Mimi nasema ni jenereta. Mwadhini anasema ni joto. Kamati ya msikiti inasema ni wewe."

Tukafuturu kwake, uji wa pilipili manga, viazi vya nazi na bajia za dengu alizopika mkewe, mama mrefu mcheshi aliyenitengea chumba bila kuuliza nitakaa siku ngapi. Saa ilitundikwa mahali pake jioni ileile, nami nikaomba mtu yeyote asibadilishe lolote. Waifanyie vilevile wanavyoifanyia siku zote.

Asubuhi nilitaka kuiona. Hapo kukatokea mjadala mwingine, maana ilitundikwa ndani, ukuta wa mbele, na mimi ni mwanamke na tena ni Mkristo. Mzee aliona bora waitoe waniletee barazani. Nikasema nikiletewa barazani nitaikuta nzima, kama nilivyoikuta nzima mara tatu. Mwadhini ndiye aliyekata maneno. "Avae mtandio, avue viatu, aingie. Amekuja kwa ajili ya sala zetu." Mke wa mzee akanipa mtandio wake mwenyewe, nikanawa miguu, nikaingia.

Saa ilikuwa imezimika uso mzima, haina taa hata moja. Hilo halikunishangaza, jenereta ilikuwa imezimwa. Lakini nilipofuata waya kwa macho, niliona plagi inaning'inia, imechomolewa.

"Nani kaichomoa?"

"Mimi," mwadhini alisema. "Huwa naichomoa."

"Lini?"

"Kila siku. Jenereta ikiwashwa inapiga kwikwi, iliwahi kuunguza kipaza sauti. Basi naiacha mpaka itulie kabisa, watu wakishasali ishaa ndipo naichomeka. Wakati wa daku vilevile. Tukimaliza alfajiri naichomoa, naifunika kitambaa, vumbi lisiingie."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Kwa hiyo saa ile iliishi kwa betri yake ndogo karibu mchana wote na usiku wote. Umeme iliuonja tu, halafu ikaachwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mayu." Alisema bila ubishi, na kweli sikuwahi kumuuliza.

Hata hivyo, hilo halikutosha. Betri niliyoweka ilikuwa mpya, na kwangu ilikesha nayo salama. Nikaomba ngazi, nikapanda, nikaiinua saa kidogo upande mmoja, nikafungua mfuniko wa nyuma bila kuitungua. Betri niliyoikuta mle haikuwa yangu. Ilikuwa ya aina nyingine, imepauka maandishi, na pembeni ilikuwa na ukungu wa kijani.

"Na hii je?"

Mwadhini alimtazama mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mzee akasogea mbele bila aibu yoyote. "Hiyo ya kwangu. Kila ukirudisha saa, mimi natoa betri yako naweka ya dukani kwangu. Za siku hizi ni feki. Mimi ninazo za zamani, original, nimeweka akiba tangu miaka ile."

Miaka ile! Zilikuwa zimekaa kwenye rafu chini ya mabati ya moto, msimu baada ya msimu. Nilishika ngazi kwa nguvu. Nilikumbuka lile jiwe nililong'oa bure, skrubu niliyokaza bure, asubuhi nilizopoteza nikisikiliza redio na kalamu mkononi, huku kila nilichokitengeneza kikitolewa na mtu aliyedhani ananisaidia. Ningekuwa peke yangu ningepiga kelele. Lakini nilikuwa msikitini, na mtandio wa watu kichwani.

Nikashika mita. Nilipima betri ya mzee, ikaonyesha karibu volti tatu.

"Unaona?" mzee alisema kwa furaha. "Nzima!"

Kisha nikaweka ncha ya mita kwenye mguu wa chipu yenyewe, pale umeme unapoingilia. Mshale haukufika hata mbili. Njiani kati ya betri na chipu kuna dayodi, kifaa kinachozuia umeme usirudi nyuma, na dayodi nayo hula sehemu yake. Betri changa inaweza kuvumilia kukatwa hivyo. Betri iliyochoka, ikibebeshwa mzigo inashuka, halafu dayodi inakata tena, na chipu inabaki na mabaki tu.

Hapo nilielewa kilichokuwa kinatokea, na hasira yangu ikapoa kidogo, maana kuelewa nako ni raha. Ile chipu ikipata volti tano za umeme, jiwe lake linatetemeka sawasawa. Ikishuka hadi tatu, mwendo unabadilika kidogo mno, hata hutauona kwa wiki. Lakini ikishuka chini ya pale inapoweza, jiwe linatetemeka kwa shida, linakosa mitetemo, mara linasimama kabisa, mara linaanza tena. Na jenereta ikiwashwa, saa inaamka na kuendelea pale ilipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Haitoi ishara yoyote. Kila nilipoichomeka Shinyanga, nilikuwa naiponya kabla sijaipima.

Nilijaribu kumweleza mzee. Akatikisa kichwa. Saa ni saa, alisema, ama inakwenda ama haiendi. Mke wake, aliyekuwa akisikiliza kutoka uani, akapaza sauti.

"Hata redio yangu ameitia hizo betri zake! Mtangazaji anaongea kama mtu mwenye mafua. Nikimwambia, ananiambia ni mtangazaji!"

Nikasema basi tusibishane, tuijaribu. Siku ile nzima niliiacha saa na betri ya mzee, plagi imechomolewa kama kawaida yao, baada ya kuiweka sawa na saa yake ya mkononi mbele ya macho yake. Jioni tuliichomeka. Ilikuwa imeachwa nyuma kwa dakika kadhaa. Kesho yake nikafanya yangu. Nikailegeza ile skrubu niliyokaza bure, nikaiweka saa sawa tena na ya mzee. Sikutaka tena kutegemea betri ndogo bapa kama kifungo. Nilinunua betri tatu za redio, mpya, zile zinazouzwa kila kibanda, nikazipanga kwenye kiboksi cha plastiki, nikapitisha waya kwa dayodi yake yenyewe hadi kwenye chipu, ili betri ya mzee ikiwepo au isiwepo isilete ugomvi. Nikapima mguu wa chipu. Mshale ulikaribia nne. Tukaichomoa saa asubuhi, jioni tukaichomeka. Ililingana na saa ya mzee, sekunde kwa sekunde. Mwadhini alizitazama zote mbili, moja baada ya nyingine, midomo ikitikisika.

"Alhamdulillahi," alisema, akageuka dirishani.

Mzee alitazama kile kiboksi kinachoning'inia chini ya ubao wake wa Dubai. "Kibaya," alisema. "Kama kidonda."

Niliondoka kesho yake. Nilimwomba mwadhini aendelee kuichomoa kama anaogopa kwikwi za jenereta, haidhuru tena, ila betri za kiboksi zibadilishwe kabla hazijachoka, asisubiri saa ichelewe ndipo ajue.

Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, saa haikurudi. Nilianza kuisahau. Kisha siku moja yule mzee akaja Shinyanga kununua saruji, akapita kibandani kwangu kunisalimia, amejaa furaha.

"Mama Fundi, kile kiboksi chako nimekitoa. Nimemwambia mwadhini akiondoe, aweke betri yangu ileile ya zamani. Sasa saa ni safi, haina uchafu, na inakwenda sawasawa! Nilisema tangu mwanzo."

Nilikuwa na koili ya redio mkononi, nikaiweka chini taratibu nisije nikaivunja. Nilimweleza tena kuhusu volti, kuhusu mguu wa chipu, kuhusu yule bibi aliyelia. Alinisikiliza kwa upole, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni anayesifia kwao, kisha akaninunulia soda akaenda zake. Kwa wiki kadhaa baadaye nilikuwa nikiamka nawaza mashariki kweupe na watu wanakula.

Mwadhini alipokuja mjini kumtazama mjukuu wake aliyelazwa, nilimkamata kabla hajaketi.

"Saa vipi?"

"Nzima."

"Haiwezi kuwa nzima. Mzee amesema mmeondoa betri."

Alitazama mlangoni, kisha akashusha ile sauti yake ambayo tayari ilikuwa ndogo. "Aliniambia nikiondoe kiboksi pale chini. Nimekiondoa pale chini. Nimekifunga nyuma ya ubao, hakionekani. Betri yake nimeiweka mbele yake, amefurahi. Mke wake ananipa betri mpya za redio, anazitoa dukani mwenyewe. Usimwambie mzee."

"Waya mwekundu umeuacha kwenye mwekundu?"

"Sikugusa waya. Nimesogeza kiboksi tu."

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kwa ajili yake na kwa ajili ya watu wake. Lakini bado nilikereka, na hadi leo nikikumbuka nakereka. Wateja kutoka upande wa Geita walipokuwa wakija kwangu, zaidi ya mmoja aliniambia kwamba niache kuuza betri hizi mpya za feki. Kuna mzee kule, walisema, ana betri za zamani dukani kwake, moja tu inaendesha saa ya msikiti mwaka mzima, na nenda kaulize, haijawahi kukosea hata dakika.

Nilikuwa nawaambia asante, nikaendelea kulehemu.